Mshika Moja

Mama hanusi tangu homa ya Januari.
Mei imefika, mawaridi ya bonde la Kazanlak
yanachumwa kabla jua halijayanyang'anya mafuta,
na Mama, aliyeyakeneka miaka thelathini na minne,
amesimama kando ya mtungi wa shaba
kama shahidi aliyeitwa
kwa ugomvi ambao hakuuona.

Zamani hakutazama saa.
Pua ilimwambia: punguza moto, Stoyanka,
au: subiri, bado kuna ubichi wa majani.
Sasa Dobri, kijana wa jirani,
anasoma kipimajoto kwa sauti,
na kila namba inamchoma.

Mimi ndiye mtoto aliyekwenda Plovdiv
kukata pua za panya vipande vyembamba
kuliko ganda la kitunguu, kuvitia rangi, kuvichungulia.
"Basi niambie," anasema. "Huko ndani kumekuwaje?"

Nikamwambia: Mama, seli za kunusa zimekufa nyingi.
Lakini chini yake zimelala nyingine, changa,
na kila moja ikiamka hukuta mbele yake
jeni za vipokezi, mia nne hivi,
zote zimekunjwa, zimekazwa, zimezimwa
kama soksi za baridi ulizozishindilia sandukuni.
Itafungua moja. Moja tu.

"Kwa nini isifungue zote? Ingenusa zaidi."

Ingenusa zaidi, isijue inanusa nini.
Mshika mawili, moja humponyoka;
mshika mia nne, dunia nzima ingemponyoka.

Akacheka kidogo, kwa mdomo, si kwa macho.
"Na nani anaichagulia?"

Hapo ndipo ninapopenda kunyamaza.
Kwa sababu hakuna nani.
Ndani ya kiini, nyuzi zinazokaa mbalimbali,
kromosomu hii na ile, zisizojuana,
zinanyoosha vichochezi vyao, vinakutana,
vinafanya kundi dogo lenye kelele,
na jeni moja, iliyokuwa karibu kwa bahati,
inaangukiwa na kelele hizo.
Inasema.
Protini ya kwanza ikizaliwa, habari inarudi kiini:
basi, imetosha, funga makufuli.
Na kilichofungwa hivyo
hakifunguki mpaka seli ife.

Mara nyingine inaangukia jeni mbovu.
Tumerithi nyingi hizo, magofu ya pua za kale.
Gofu halileti habari,
kwa hiyo hakuna anayesema basi,
na seli inajaribu nyingine.
Hili sikumwambia. Nililiweka kwangu,
kwa siku ambazo hadubini hainijibu.

Nilimwambia hili: kila jeni ipo mara mbili,
nakala ya mama, nakala ya baba,
na seli huchukua moja, huinyamazisha ya pili.
Katika pua yako kuna seli inayonusa kwa Bibi Velika tu,
na jirani yake inanusa kwa baba yako, yule mlevi
ambaye hukwenda kumzika.

Alitazama moto muda mrefu.
Dobri akasema: tisini na nane.
Matone yakaanza.

Mama akainama juu ya chupa ya kwanza,
akavuta, akavuta tena,
akakunja uso.
"Mpira," alisema. "Mpira ulioungua.
Na nyuma yake... nyuma yake kuna kitu."

"Waridi?"

"Usinitajie. Ukinitajia nitalinusa hata kama halipo."

Akafumba macho. Mianzi ya pua ikatanuka,
nami nikawaza seli moja changa huko juu,
imetoka tu kufunga makufuli yake,
haijui jina la ilichokishika,
imekishika.

"Dobri," Mama akasema, "punguza moto."
Dobri akatazama kipimajoto, akanitazama mimi.
Kipimajoto hakikusema hivyo.
Akapunguza.